Wageni wa kanisa kutoka ng'ambo: wakisha kurudi kwao, Tchomia inabaki na nini?

Wakaaji wengi wa Ituri wanaijua programu hiyo. Kikundi cha wakristo kinatoka Ulaya, Marekani ao Korea kwa siku kumi ao wiki mbili. Siku ya Yungu wanaingia kanisani, korali zote zinaimba, mgeni anahubiri na mtafsiri pembeni. Katikati ya wiki wanapaka rangi shule, wanacheza na watoto, wanatembelea wagonjwa. Kisha siku moja ao mbili za kutembea: kuangalia ziwa, kuangalia nyama wa pori, kununua vitu vya kupeleka nyumbani. Nyuma ya hapo ni uwanja wa ndege.

Kwa upande wetu, safari za namna hiyo zimepunguka. Serikali za magaribi zinashauri raia wao wasije Ituri juu ya usalama. Na tangu tarehe 6 mwezi wa 5, 2021, jimbo liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Wageni wachache wanaofika wanapita Entebbe, wanapanda ndege ndogo mpaka Bunia, halafu wanashuka na barabara ya Bogoro na Kasenyi mpaka Tchomia. Wengi zaidi wanabakia Uganda. Huko wanaabudu, kisha wanaenda kuangalia maporomoko ya Murchison, hapo mto Nile unapokaribia kuingia katika ziwa letu hili la Albert.

Lakini siku usalama utarudi, wageni nao watarudi. Ni vizuri makanisa yetu yaanze kujiuliza sasa: safari hizi ni za faida ya nani?

Feza ya safari na feza ya kazi

Robert Wuthnow, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, alikadiria kwamba wakristo karibu milioni 1,6 wa inchi yake wanafanya safari fupi ya misioni ng'ambo kila mwaka. Kila mmoja analipa tiketi, viza, hoteli na chakula. Ukijumlisha, ni feza nyingi sana.

Mfano unaojulikana zaidi unatoka Honduras, inchi ya Amerika ya Kati. Mwisho wa mwaka 1998 dhoruba ya Mitch ilivunja nyumba nyingi huko. Vikundi vya makanisa vilitoka Amerika ya Kaskazini kwenda kusaidia kujenga. Kurt Ver Beek, mtaalamu wa jamii aliyeishi Honduras, alilinganisha nyumba zilizojengwa na wageni na zile zilizojengwa na wenyeji peke yao. Nyumba moja ilikuwa inagharimu karibu dola 2.000. Kikundi kimoja cha wageni kilitumia karibu dola 30.000 kwa safari yake. Kwa hesabu ya kawaida, feza ya safari moja ingeweza kutoa nyumba 15.

Kumbe wenye kupewa nyumba hawakuona tofauti kubwa kati ya nyumba ya mgeni na nyumba ya fundi wa kwao. Na wageni wenyewe, walipoulizwa nyuma ya safari, wengi walisema maisha yao yamebadilika na wanatoa zaidi kwa ajili ya maskini. Daftari za michango hazikuonyesha badiliko kubwa.

Hiyo haimaanishi kwamba kutembelewa ni vibaya. Hata sisi tunajua uzito wa mtu kuacha kwake akuje kukuangalia katika matanga. Lakini kuna tofauti kati ya mtu anayekuja kulia na wewe, na mtu anayekuja kupaka rangi ukuta wakati mafundi wa Tchomia wanakaa bila kazi.

Apolo alikuja kukaa

Ituri ina historia yake katika jambo hili, na haikuanza na wazungu tu. Mwaka 1896 Apolo Kivebulaya, mwinjilisti kutoka Uganda, alivuka bonde la Semliki akafika Boga, katika teritwari ya Irumu ya leo. Hakupokelewa na korali. Alipigwa, nyumba yake ilichomwa. Dada ya chifu Tabaro alipokufa kwa ajali ya mkuki, Apolo ndiye aliyeshitakiwa, akafungwa upande wa Uganda. Akaachiliwa, akarudi Boga palepale. Chifu Tabaro mwenyewe akaishia kubatizwa.

Apolo alijifunza luga za watu, akaingia pori mpaka kwa Wambuti, na akasaidia kutafsiri Injili ya Marko katika luga yao. Alikufa Boga tarehe 30 mwezi wa 5, 1933. Aliomba kichwa chake kielekezwe magaribi, upande wa pori, kwa maana kazi ilikuwa haijaisha. Kaburi lake liko huko mpaka leo.

Munganga Carl Becker wa Africa Inland Mission naye alifika Congo mwaka 1929. Alifanya kazi Oicha, akajulikana sana juu ya wagonjwa wa ukoma, na nyuma ya vita vya Simba akawa kati ya walioanzisha kituo cha afya cha Nyankunde. Alikaa Congo zaidi ya miaka 40. Nyankunde haikutibu tu. Ilifundisha wauguzi wa Congo. Ndiyo sababu, ijapokuwa hospitali ile iliporwa na watu wengi sana wakauawa mwezi wa 9, 2002, kazi haikufa. Walioifahamu kazi walikuwa watu wa hapa.

Wazee watakumbusha kwamba misioni ya zamani nayo ilikuwa na makosa yake. Wakati wa ukoloni, mara nyingi mzungu ndiye aliyeshika kasha, gari na neno la mwisho. Ni ukweli. Lakini jambo moja linabaki: aliyekaa alijifunza luga, na kosa lake alibaki nalo mbele ya watu. Mgeni wa siku kumi akikosea, ndege inampeleka.

Ziwa la kupiga picha, ziwa la kukimbilia

Utalii wenyewe si zambi. Mtu akifika kilele cha milima kabla ya kushuka Kasenyi, akaona ziwa lote chini na milima ya Uganda ng'ambo, hawezi kukosa kusimama. Mgeni akila ngege ya Tchomia, mama wa soko anapata kitu.

Shida iko katika kile mgeni asichoambiwa. Barabara ile inapita Bogoro, fasi zaidi ya watu 200 waliuawa tarehe 24 mwezi wa 2, 2003. Tchomia yenyewe ilishambuliwa tarehe 31 mwezi wa 5 mwaka uleule. Mwanzo wa 2018, wakati wa mauaji ya Djugu, maelfu kwa maelfu walipanda mitumbwi wakavuka kwenda Uganda, wako waliozama. Mwezi wa 9 mwaka uleule, Ebola ikafika Tchomia. Ziwa ambalo kwa mgeni ni picha nzuri, kwa mkaaji ni shamba, ni njia ya kukimbia, na kwa wengine ni kaburi.

Basi mtoto wa kambi ya waliohama akipigwa picha bila mzazi kuulizwa, na picha ile ikapita kanisani ng'ambo kwa kutafuta michango, hiyo si ushuhuda tena. Ni kuuza huzuni ya mtu ambaye hakupewa hata nafasi ya kusema ndiyo ao hapana.

Na sisi tunasafiri

Tusisahau kwamba watu wa Ituri nao wanaenda kuabudu ng'ambo. Kila tarehe 3 mwezi wa 6, mahujaji wanakusanyika Namugongo, karibu na Kampala, kukumbuka mashahidi wa Uganda waliouawa kati ya 1885 na 1887, wakatoliki 22 na waanglikana 23. Kati yao kuna Wakongomani, na wengine wanafika kwa miguu.

Hao nao wanatembea mjini, wanapiga picha, wanarudi na vitenge na rozari. Hakuna anayewalaumu. Lakini angalia tofauti: haji anajilipia, analala chini, anafuata mpango wa wenye fasi, na hasemi kwamba amekwenda kuwasaidia Waganda. Anasema amekwenda kusali. Labda hapo ndipo wageni wetu wangeweza kujifunza. Anayekuja kusali na kuangalia inchi aseme vile, na apokelewe kwa furaha. Anayesema anakuja kufanya kazi, apimwe kwa kazi.

Maswali ya komite

Ni desturi yetu kuchinja mbuzi kabla ya kuuliza mgeni amekuja juu ya nini. Heshima ile tusiipoteze. Lakini komite ya kanisa inaweza kuuliza mbele, kwa barua, wakati mgeni hajanunua tiketi.

Nani aliomba safari hii, sisi ao wao? Kazi itakayofanywa, hapa hakuna fundi anayeweza kuifanya kwa malipo? Kama ni munganga, atatibu wiki moja tu, ao atafundisha wauguzi wa hospitali yetu kitu watakachobaki nacho? Nani atatoa ruhusa ya picha za watoto? Feza iliyoletwa itasomwa mbele ya waumini kama matoleo mengine? Na ahadi zitaandikwa wapi, ili mwaka ujao mtu aulizwe?

Swali la mwisho ni letu wenyewe. Makanisa yetu yana waumini Wahema, Walendu, Wangiti, Waalur na wengine, na mara nyingi tunakaa pamoja kwa urahisi zaidi mgeni akiwa mbele. Wakati ameondoka, wachungaji wa pande mbili wanaweza kutembeleana, kutoka Tchomia kupanda milima na kutoka milimani kushuka ziwani, bila mzungu kulipa mafuta ya gari? Safari hiyo ni kilometa chache tu, haiombi viza, na hakuna mgeni anayeweza kuifanya kwa nafasi yetu.