Spea za kupozea injini: mtumba uwe na mpaka

Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la Dar es Salaam linapopanda, spea za kupozea injini hutafutwa sana katika maduka ya Kariakoo na Gerezani. Sababu yake haina fumbo. Gari lililokwama kwenye foleni ya Mtaa wa Msimbazi au Barabara ya Uhuru halipati upepo wa mwendo. Linategemea feni peke yake. Gari la zamani ndipo linapochemsha, linasukumwa pembeni, na fundi anatumwa dukani.

Spea inayonunuliwa katika haraka hiyo mara nyingi huwa ya bei ya chini kuliko zote, na mara nyingi ni ya mtumba. Safu hii haipingi mtumba. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na katika miaka ya 1990 milango ya biashara ikafunguka zaidi. Magari yaliyotumika Japani yakajaa barabarani, na spea zilizotumika zikafuata. Bila spea hizo, Corolla na Mark II nyingi zingekuwa zimegeuzwa mabanda ya kuku. Tunachosema ni kwamba mtumba uwe na mpaka, na katika mfumo wa kupozea mpaka wenyewe ni huu: mtumba ununuliwe pale tu unapoweza kupimwa dukani.

Tuanze na rejeta. Ya mtumba hupimika. Fundi huziba matundu yake, huizamisha kwenye pipa la maji na kuijaza upepo. Mapovu yakitoka, inavuja. Mnunuzi anaona kwa macho yake kabla ya kutoa fedha. Feni ya umeme nayo huwashwa kwa betri papo hapo. Hizi zinaweza kununuliwa mtumba bila hofu kubwa.

Mipira ya rejeta ni habari nyingine. Mpira huzeeka kwa joto na kwa miaka, na unaweza kuoza ndani huku nje unang'aa. Pampu ya maji, maarufu kama wota pampu, ina sili na beringi zilizokwisha kufanya kazi miaka kadhaa na kisha kukaa kavu ghalani. Hakuna muuzaji anayeweza kuapa kwamba haitavuja baada ya wiki mbili. Anayenunua vitu hivi vya mtumba anacheza bahati nasibu.

Mfuniko wa rejeta hudharauliwa kwa udogo wake. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini mfuniko mzima huyabana kwa presha, na ule wa kiasi cha baa 0.9 hufanya yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 120. Springi yake ikilegea, kinga hiyo inapotea. Wangapi wamebadilisha rejeta wakati ubovu ulikuwa kwenye mfuniko?

Kuna pia themostati, ambayo mafundi wengi huing'oa na kuitupa kwa madai kwamba ni ya nchi za baridi. Hoja hiyo haina msingi. Katika injini nyingi za Toyota, themostati ikifunguka, kwenye nyuzi 82 hivi, huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupoa. Vilevile asubuhi injini huchelewa kupata moto, na petroli inaliwa zaidi. Iliyokufa ibadilishwe kwa mpya, isitupwe tu.

Yote haya ni kazi bure kama rejeta itajazwa maji ya kisima. Visima vingi vya jiji hili vina chumvi, na chumvi hula aluminiamu. Maji safi yenye kulanti ni sehemu ya matengenezo.

Tutaambiwa kwamba dereva wa teksi anayepeleka hesabu kwa tajiri kila siku hana fedha za kununua vyote kwa mkupuo. Ni kweli. Lakini injini ikichemsha sana, hedi ya aluminiamu hupinda, gasketi huungua na maji huingia kwenye oili. Hapo hedi hupelekwa kwenye mashine kusawazishwa, gari hulala gereji, na hesabu ya tajiri inaendelea kudaiwa. Mwenye fedha kidogo aanze na mfuniko, themostati, mipira na kulanti, vyote vipya. Pampu inayozungushwa na mkanda wa taimingi ibadilishwe pamoja na mkanda huo, maana kazi ya kufungua ni ileile. Rejeta ije mwisho, ikipimwa na kuonekana mbovu. Pampu ikianza kuvuja, isisubiri zamu.

Mpya nayo haina usalama kama ni feki iliyovikwa boksi zuri. Hapa ndipo risiti inapohitajika. Tangu mashine za risiti za kielektroniki zilipoanza mwaka 2010, na hasa baada ya migomo ya wafanyabiashara wa Kariakoo ya 2023 na 2024, watu wengi huiona risiti kama ugomvi wa mwenye duka na TRA. Kwa mnunuzi, risiti ndiyo ushahidi wake. Bila risiti, hata Tume ya Ushindani itapata shida kumsaidia anayelalamika kuuziwa feki.

Wenye maduka nao waondoe kibao cha "mali ikiuzwa hairudishwi" kwa spea mpya za kupozea. Waandike namba ya spea kwenye risiti, na wakubali kuibadilisha pampu itakayovuja ndani ya mwezi mmoja. Muuzaji mwenye mali halisi hatapata hasara kubwa kwa ahadi hiyo. Atakayeikataa atakuwa amekwisha kumwambia mteja mali yake ni ya namna gani.