Dosie ya mwalimu wa Kolwezi: kila mtu anaifungua, isipokuwa mwenyewe

Kila mwezi wa tisa, shule zikifunguliwa Kolwezi, walimu wapya wanaonekana wakitembea na bahasha chini ya kwapa. Ndani mna nakala ya diploma, barua ya kupangwa kazini, cheti cha tabia njema, karatasi ya daktari inayosema mwili unaweza kazi, cheti cha kuzaliwa na nakala ya kadi ya mpiga kura. Nakala moja inabaki kwa direkta au prefe, nyingine kwenye ofisi ya sudivizio, nyingine kwa Proved, na kama shule ni ya kanisa, nyingine tena kwenye koordinasyo. Mwishowe majina yanapanda Kinshasa, kwenye DINACOPE, ile idara ambayo walimu wengi wangali wanaiita SECOPE. Halafu mwalimu anangoja namba ya matrikule. Wapo wanaongoja miaka.

Tangu masomo ya msingi yawe ya bure mwezi wa tisa 2019, mazungumzo kuhusu walimu yamekuwa juu ya mshahara, na hiyo inaeleweka. Wale wanaoitwa NU, yaani wanaofundisha bila kuingizwa kwenye malipo ya serikali, walikuwa wakiishi kwa pesa za wazazi, na pesa hizo zilikatazwa katika shule za msingi za umma. Lakini mshahara unaanza na karatasi. Dosie isiposonga, hakuna matrikule. Bila matrikule hakuna franka. Kwa hiyo anayeishika dosie ndiye anayeshika maisha ya mwalimu, hata kama ni karani mdogo tu mwenye kabati lisilo na kufuli.

Mwanzoni mwa 2023, Inspeksheni Kuu ya Fedha, IGF, ilitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya malipo ya watumishi wote wa serikali. Ilikuta watu 145.604 wanaolipwa kwa namba za matrikule zisizo sahihi, za kubuni au za kutengenezwa. Wengi waliisoma habari hiyo kama habari ya wizi, na ni wizi kweli. Ila ina upande mwingine: namba ya kubuni inapokula mshahara, mwalimu halisi aliyeko Fungurume au Mutshatsha anabaki bila nafasi. Na akiuliza kwa nini, jibu ni lilelile: "Dosie yako haijafika." Imekwama wapi? Nani aliisimamisha? Hana njia ya kujua.

Katika giza hilo ubaguzi unaweza kuishi bila kuonekana. Dosie iliyochelewa kwa uzembe na dosie iliyowekwa chini ya zingine kwa sababu ya jina la mwenyewe zinafanana kabisa. Mwalimu anayehisi amebaguliwa hana cha kuonyesha mbele ya hakimu. Na mkubwa ambaye hakubagua mtu hana cha kujitetea nacho.

Kolwezi jambo hilo lina uzito wake. Kadi ya mpiga kura, ambayo watu wengi wanaitumia kama kitambulisho, inaandika asili ya mtu. Katika Katanga ya zamani, neno hilo halikuwa kamwe maandishi tu. Kuanzia miaka ya 1920 Union Minière ilileta wafanyakazi wengi kutoka Kasai, na watoto wao wakawa makarani, wauguzi, walimu. Mwaka 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi. Wakalala kwenye stesheni wakingoja treni, ilhali wengi wao walizaliwa hapahapa. Walipoteza nyumba na kazi pamoja. Wazee wa mji wanakumbuka. Leo, migodi ikiendelea kuvuta watu kutoka majimbo mengine, maneno ya "mwana wa nchi" na "wa kuja" yanarudi haraka kila nafasi ya kazi inapotokea. Direkta anahitaji asili ya mwalimu wa hesabu kwa kazi gani? Swali hilo haliulizwi sana.

Katiba yenyewe haina kigugumizi. Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mkongomani katika elimu na katika kuingia kazi za umma kwa sababu ya dini, jamaa, kabila, mahali anapokaa au maoni yake. Cha 36 kinasema mtu asiumizwe kazini kwa asili yake, jinsia, maoni, imani au hali yake ya maisha. Cha 31 kinalinda maisha ya faragha. Kongo pia iliridhia mwaka 2001 mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi la Kimataifa juu ya ubaguzi kazini.

Kwenye shule za makanisa mambo yanachanganyika zaidi. Kwa makubaliano ya tarehe 26 mwezi wa pili 1977, serikali iliyakabidhi makanisa usimamizi wa shule hizo, yenyewe ikabaki kulipa. Mwalimu wa shule ya Kikatoliki au ya Kiprotestanti ana mabwana wawili, na kila mmoja ana dosie yake. Kanisa lina haki ya kulinda roho ya shule yake. Hakuna anayelikana hilo. Lakini mwalimu huyo analipwa kwa pesa ya umma. Akiachana na mume wake, au akipata mimba bila ndoa, je, hilo ni jambo la kuandikwa kwenye dosie ya kazi na kuamua kama atahamishwa au atarudishwa "kwa matumizi ya koordinasyo"? Wanawake ndio wanaolipa zaidi hapa, kwa maana mimba inaonekana, na baba yake haonekani. Sheria ya kazi ya 2002, inayotumika katika makampuni na shule za watu binafsi, inasema waziwazi kwamba hali ya ndoa na mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Haieleweki kwa nini mwalimu anayelipwa na serikali akingwe kidogo kuliko yule.

Tena kuna karatasi ya daktari. Kinachohitajika ni neno moja: anaweza, au hawezi. Mara karatasi inapoanza kutaja ugonjwa, siri imetoka, sababu inapita mikononi mwa watu wanne au watano kabla ya kufika Kinshasa. Sheria ya tarehe 14 mwezi wa saba 2008 inawalinda watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI dhidi ya ubaguzi, kazini vilevile. Inalinda vibaya kama kabati liko wazi.

Chombo kipya zaidi ni Kodi ya Dijitali, iliyotiwa sahihi tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Inampa kila mtu haki ya kujua habari zake zinazotunzwa na kuomba zisahihishwe, na inaweka ulinzi mkali zaidi kwa habari za asili, imani na afya. Kwa walimu ingeweza kubadilisha mengi, ila sheria hiyo inazungumzwa zaidi kwenye mambo ya simu na benki kuliko kwenye ofisi ya sudivizio.

Wanaohofia kwamba faragha itawaficha walimu hewa wana hoja, na Tanzania imeipitia. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwatoa kazini watumishi 9.932 walioambiwa vyeti vyao ni vya kughushi. Ukaguzi ulihitajika. Lakini baadhi walikata rufaa na ikaonekana vyeti vyao ni halali, baada ya kuwa wamekwisha kupoteza kazi. Kumwonyesha mtu dosie yake kabla ya kumhukumu hakumfichi mwizi. Kunamwokoa asiye mwizi.

Sindika za walimu wa Lualaba zinaweza kuanza na madai yasiyohitaji bajeti kubwa: risiti yenye tarehe kila dosie inapowekwa, orodha ya waliofungua dosie pamoja na sahihi zao, na siku moja kwa mwaka ambapo mwalimu anakaa mbele ya dosie yake na kusoma alichoandikiwa, pamoja na alama ambazo mkubwa wake alimpa. Kwa dosie ambayo iliondoka Kolwezi na haikufika Kinshasa, risiti hiyo ingetosha kuonyesha iliishia meza ya nani.