Saratani ya tezi dume: mbona mzee ananenepa akiwa kwenye matibabu?

Mama mmoja hapa Magu aliniuliza: "Nesi, tangu mume wangu aanze sindano za tezi dume ametoa kitambi, na usiku anatokwa jasho kama anakimbizwa. Kweli anapona?"

Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanaume Tanzania, kwa makadirio ya 2022 ya Shirika la Afya Duniani. Mzee akirudi kutoka Bugando, anayemuuguza nyumbani mara nyingi ni mama.

Mwaka 1941 daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba testosteroni, homoni ya kiume inayotengenezwa zaidi kwenye korodani, inalisha saratani hii. Ukiipunguza, saratani inanywea. Ndiyo maana wengine hutolewa korodani na wengine huchomwa sindano kila mwezi au kila miezi mitatu.

Lakini homoni hiyohiyo hutunza misuli na mifupa. Ikishuka, misuli hupungua, mafuta hujaa tumboni, na mwili hauitikii vizuri insulini, ile homoni inayoingiza sukari kwenye seli. Sukari ya damu inaweza kupanda. Tena unene huendana na saratani kali zaidi, na watafiti wanashuku insulini iliyozidi ni sababu mojawapo.

Kwa hiyo kitambi hakisemi kama dawa imeshindwa au imefaulu. Kinachosaidia kujua ni kipimo cha damu cha PSA, na kinarudiwa kwa sababu baadhi ya saratani baadaye hujitengenezea homoni zenyewe.

Akienda kliniki, ombeni pia apimwe sukari, presha na uzito. Najua tunampa soda na uji wenye sukari nyingi "apate nguvu". Hapo tunakosea. Sato, maharage, mchicha na ugali wa kiasi vinamtosha, na atembee kila siku anavyoweza.

Hamu ya tendo la ndoa nayo hupungua. Mama, si kwamba amepata mwingine, ni sindano. Wapo wanaonunua dawa za nguvu za kiume kwa siri; mwambie asinywe chochote kabla ya kumuuliza daktari, maana nyingine hazijulikani zina nini.

Na akianza kulegea miguu, kuumwa mgongo kupita kawaida au kushindwa kukojoa, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.