Kutoka Mutakura hadi Mutukula: karo ya chuo hupimwa kwa pasipoti, si kwa makazi

BUJUMBURA – Majina haya mawili yanakaribiana kiasi cha kuchanganya. Mutakura ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, katika zoni ya Cibitoke. Mutukula ni mpaka wa Tanzania na Uganda. Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda mwezi Januari 2024, aliyetaka kwenda Kampala kwa barabara ililazimu azunguke: Kobero, Kabanga, Biharamulo, Bukoba, hadi Mutukula. Njia hiyo ya malori ndiyo pia njia ya vijana wenye mabegi mgongoni na barua za kukubaliwa vyuoni.

Mzazi mfanyabiashara huwa amekwisha kupiga hesabu ya nauli, chumba na chakula. Hesabu inayomshinda ni moja: mtoto wake ataandikwa katika safu gani ya karo? Vyuo vingi vya ukanda huu vina safu mbili au tatu: raia wa nchi, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mgeni wa kimataifa. Kutoka safu moja kwenda nyingine, bei inaweza kupanda sana, na mara nyingi inahama kutoka fedha ya nchi kwenda dola.

Mwenyeji ni nani?

Katika majimbo mengi ya Marekani, mwenyeji ni yule aliyeishi ndani ya jimbo kwa muda wa miezi 12 kabla ya masomo, na akathibitisha kwamba hakuja kwa ajili ya shule tu. Uingereza huangalia, pamoja na hadhi ya uhamiaji, kama mwanafunzi amekuwa mkazi wa kawaida kwa miaka 3 kabla ya siku ya kwanza ya kozi. Huko swali kubwa ni unaishi wapi.

Kwetu swali la kwanza ni wewe ni raia wa wapi. Chukua mfano wa Mrundi aliyepanga stoo Kariakoo miaka 10, analipa kodi ya mapato Tanzania, na mwanawe amesoma huko tangu darasa la kwanza. Siku ya kujaza fomu, kinachosomwa ni pasipoti. Risiti za kodi na mkataba wa pango havimgeuzi kijana kuwa Mtanzania. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, ni ya raia wa Tanzania.

Wale wenye familia pande zote mbili za mpaka wawe waangalifu zaidi. Burundi inakubali uraia wa nchi mbili. Tanzania haiukubali kwa mtu mzima: kijana aliyezaliwa na uraia wa pande mbili anatakiwa kuchagua anapofikisha miaka 18. Huo ndio umri wa kuomba chuo, kwa hiyo uamuzi wa uraia na uamuzi wa karo hugongana katika mwaka mmoja.

Bidhaa ina cheti, mwanafunzi je?

Wasomaji wetu wanajua vizuri cheti cha asili ya bidhaa. Ukiwa na shehena iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya, cheti hicho kinakuondolea ushuru wa forodha. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anapewa cheti kilichorahisishwa hapo hapo mpakani. Nyuma ya karatasi hiyo ipo Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004 na kanuni zinazofanana kwa nchi wanachama. Ofisa wa Kabanga na ofisa wa Mutukula wanasoma kitabu kimoja.

Kwa mwanafunzi mambo ni nusu nusu. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa haki ya kuingia na kukaa kwa ajili ya masomo, na kanuni zake zinasema kibali cha mwanafunzi kitolewe bila malipo. Tarehe 20 Mei 2017, wakuu wa nchi waliokutana Dar es Salaam walitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, limekuwa likihimiza mwanafunzi wa nchi mwanachama atozwe sawa na mwenyeji.

Hata hivyo, tangazo si bei. Karo hupangwa na baraza la kila chuo, na chuo kinachotegemea ada kuendesha shughuli zake hakina haraka ya kuachia dola. Kwa hiyo vyuo viwili vya mji mmoja vinaweza kumweka kijana yule yule wa Mutakura katika safu mbili tofauti, na kila kimoja kikasema kinafuata utaratibu wake.

Ikumbukwe kwamba jambo hili si geni. Kati ya mwaka 1963 na 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa matawi ya chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kijana wa Kenya, Uganda au Tanganyika alikuwa nyumbani katika tawi lolote. Mwaka 1970 chuo hicho kiligawanywa katika vyuo vitatu vya kitaifa. Burundi haikuwamo, iliingia katika Jumuiya mwaka 2007.

Bei sawa si mkopo sawa

Hata pale chuo kinapotangaza kwamba raia wa Jumuiya analipa sawa na mwenyeji, mzazi asome mpaka chini. Sawa na mwenyeji yupi? Mara nyingi ni mwenyeji anayejilipia mwenyewe. Ruzuku na mikopo ya serikali za Kenya, Uganda na Tanzania imetengwa kwa raia wao.

Tena, ada ya masomo ni mstari mmoja tu wa ankara. Ipo ya usajili, ya mitihani, ya maktaba na ya bima. Inawezekana ada ya masomo ikawa ya mwenyeji na hizi nyingine zikabaki za mgeni. Kwa Mrundi, fedha inayotumika kulipa ni jambo kubwa kuliko tofauti ya bei yenyewe. Aliyewahi kutafuta dola Bujumbura anajua pengo lililopo kati ya kiwango cha benki na kile cha mtaani.

Waliokimbia na waliobadilishiwa hadhi

Mutakura ilikuwa miongoni mwa mitaa ya maandamano ya Aprili 2015. Mwishoni mwa mwezi huo Chuo Kikuu cha Burundi kilifungwa, na familia nyingi za Bujumbura zilivuka mpaka. Vijana wengi waliondoka na karangamuntu ya Burundi, wakajikuta na kitambulisho cha mkimbizi. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unataka mkimbizi katika elimu ya juu, pamoja na msamaha wa ada, atendewe kwa wema kadiri inavyowezekana, na kwa vyovyote asitendewe vibaya kuliko wageni wengine. Hiyo ni sakafu, si dari: haimfanyi mwenyeji.

Kinyume chake ni Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kuishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Tanzania iliridhia kuwapa uraia zaidi ya 160,000 kati yao, na vyeti vilianza kutolewa kwa wingi mwaka 2014. Kijana aliyezaliwa Mishamo alihama safu, kutoka mkimbizi hadi raia, bila kuhama kijiji.

Hadhi inaweza pia kubadilika katikati ya kozi. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Mwanafunzi wa Uvira aliyesajiliwa mwaka 2021 kama mgeni wa kimataifa alifika mwaka wa pili au wa tatu akiwa raia wa nchi mwanachama. Mwenye hali ya namna hiyo asingoje chuo kimkumbuke, aandike barua.

Somo la minervali

Warundi huita karo minervali, neno lililokuja na Wabelgiji. Ni ajabu kwamba kesi iliyobadilisha mambo Ulaya ilihusu minervali hiyo hiyo. Mwanafunzi wa Kifaransa aliyesoma sanaa ya katuni mjini Liège alitozwa ada ambayo Wabelgiji hawakutozwa. Tarehe 13 Februari 1985, Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba huo ni ubaguzi kwa misingi ya uraia.

Itifaki yetu nayo, katika ibara ya 3, inakataza ubaguzi wa namna hiyo. Mahakama ya Afrika Mashariki iko Arusha, na ibara ya 30 ya Mkataba inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupinga sheria, kanuni au kitendo cha nchi au taasisi ya Jumuiya ndani ya miezi 2. Tazama neno lililotumika: mkazi. Mlango wa mahakama unafunguliwa kwa makazi, ilhali ule wa ofisi ya karo unafunguliwa kwa uraia. Mfanyabiashara anayelipa kodi nchi moja na kubeba pasipoti ya nyingine ndiye anayebaki kati ya milango hiyo miwili.

Kabla ya kutuma pesa

Hakuna anayepakia kontena bila kujua ushuru wake. Kwa mtoto pia, mzazi aombe chuo kijibu kwa maandishi mambo matatu: mtoto yuko safu gani na kwa karatasi ipi; je, safu hiyo inahusu ada zote au ya masomo tu; na malipo ni kwa fedha gani. Pasipoti iwe hai kwa muda wa kozi. Diploma ya Serikali ipelekwe mapema kulinganishwa, kwa UNEB upande wa Uganda au NECTA upande wa Tanzania. Barua ya chuo itunzwe pamoja na risiti ya kwanza, kwa sababu muhula wa pili karani anaweza kuwa mwingine.