Rangi Mpya Juu ya Ufa: Ni Matengenezo au Ni Udanganyifu?



Ndugu zetu wazazi, na wanafunzi wetu wapenzi, leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo limezoeleka hapa kwetu Nagongera, na huko Tororo na Busia pia, hata watu hawalioni tena kuwa ni kosa. Mtu akitaka kuuza nyumba, kabla hata hajamwarifu mwenyekiti wa LC1, shauri la kwanza analopewa na dalali ni hili: "Piga plasta, paka rangi, kisha ndio uite wanunuzi." Hakuna anayemuuliza: plasta hiyo inakwenda kuziba nini?

Hatusemi haya kwa kusikia. Miaka michache iliyopita tuliitwa kuwa shahidi katika mauziano ya nyumba moja ya matofali mabichi. Wiki mbili kabla, tulipita pale tukaona ufa katika ukuta wa nyuma, mkono unaingia. Siku ya kutia sahihi ukuta ulikuwa mweupe pepe. Tuliujua ufa, tukanyamaza, tukatia sahihi, tukapewa soda. Mnunuzi alikuwa mama mjane. Masika yalipokuja ufa ulirudi, kisha ukuta ukaanguka. Alhamdulillah, watoto walikuwa shuleni. Watoto hao wanasoma kwetu madrasa, na kila tukifika mlango wa biashara tunaona haya kuwatazama usoni.

Wenye kutetea mtindo huu wana hoja zao. Tuzitazame moja moja.

Wanasema: "Mnunuzi ana macho, akague mwenyewe." Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta maji. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume hakumwambia mnunuzi afungue macho. Alimuuliza muuzaji kwa nini hakuweka kilicholowa juu watu wakione, na akajitenga na mwenye kughushi. Hadithi hii ya Abu Hurayra imo katika Sahih Muslim. Tena alikataza kuacha kumkama mnyama siku kadhaa kabla ya kumuuza ili kiwele kionekane kimejaa, na aliyenunua kwa hila hiyo akapewa haki ya kumrudisha. Enyi ndugu, rangi mbichi juu ya ukuta uliooza ina tofauti gani na kiwele kilichofungwa?

Wanasema: "Mimi nimeandika kwamba nauza kama ilivyo, sina dhamana." Katika Muwatta ya Imam Malik mna habari ya Abdullah bin Umar, aliyemuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti kama hilo. Mnunuzi akadai mtumwa alikuwa na maradhi asiyoambiwa. Khalifa Uthman akamtaka Ibn Umar aape kwamba hakuwa na habari ya maradhi wakati wa kuuza. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua mtumwa wake. Baadaye mtumwa akapona, akamuuza kwa dirhamu 1,500. Basi sharti la karatasi halikuwa kinga kwa swahaba mkubwa. Litakuwa kinga kwako wewe unayeujua ufa?

Wanasema: "Basi tusitengeneze nyumba zetu?" La hasha! Bati linalovuja badilisha. Choo kilichojaa chimba kingine. Ukuta unaonyonya maji, chimba mfereji uyatoe mbali na msingi. Haya ni matengenezo, na ukiongeza bei kwa ajili yake ni halali yako. Lakini saruji iliyopakwa juu ya tofali bichi haishiki vizuri, nayo hufungia unyevu ndani, na ukuta huendelea kuoza usionekane. Kipimo ni chepesi: je, unaweza kumwambia mnunuzi ulichokitengeneza na sababu yake, naye akaridhika na bei? Ukiweza, tengeneza. Ikiwa bei inasimama kwa sababu tu hajui, hiyo si faida.

Na kama huna fedha za kutengeneza, usikimbilie mkopo wa riba ili upambe nyumba unayoiacha. Uza ilivyo, taja aibu zake, punguza bei. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi ya Hakim bin Hizam, kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo baraka hufutwa. Shilingi chache zenye baraka zitasomesha watoto wako.

Akina baba, jambo moja zaidi. Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, zungumza na mkeo. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya 1998, pamoja na marekebisho ya 2004, inataka ridhaa ya mke au mume kabla ya kuuza ardhi ambayo familia inaishi. Nyumba iliyopakwa rangi kwa siri na kuuzwa kwa siri ina dhulma mbili.

Na sisi mashahidi tusijitoe. Suratul Baqara, aya ya 282, inatuamrisha kuweka mashahidi tunapouziana, na aya ya 283 inatukataza kuficha ushahidi. Shahidi anayejua na kunyamaza ni mshirika. Tulikwenda kwa yule mama, tukamweleza tuliyoyajua siku ile, tukamwomba radhi. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Mwalimu, mbona hukusema?" Hatukuwa na jibu.

Tangu hapo tumejiwekea sharti: hatutii sahihi mauziano ya nyumba mpaka kasoro zake zimeandikwa katika mkataba na kusomwa kwa sauti mbele ya pande zote mbili. Tunawaomba maimamu na wazee wenzetu wafanye hivyo hivyo. Madalali watakasirika. Waache wakasirike.

Wabillahi tawfiq.