Kizunguzungu Si Neema: Majibu kuhusu Pumzi ya Yoga Pwani ya Tanga

Tarehe 11 Desemba 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na tangu mwaka uliofuata siku hiyo huadhimishwa hata hapa Tanzania, Ubalozi wa India ukiwa mstari wa mbele. Sina ugomvi na siku hiyo. Ugomvi wangu ni na maneno yanayoandamana nayo, yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye vikundi vya mazoezi vya Raskazone na kwenye hoteli za ufukweni hadi Ushongo. Watu wanafundishana kupumua. Wapo wanaofundisha kwa adabu, na wapo walioona video mbili wakajipa ualimu. Nitayajibu madai ninayoyasikia zaidi, nikianza na lile ambalo katika mji wetu halikwepeki.

"Hiyo ni ibada ya Kihindu, Mwislamu akiifanya tu imani yake imeingia doa."

Asili yake haifichiki. Pranayama, yaani elimu ya kuiongoza pumzi, ni hatua ya nne kati ya nane za yoga alizozipanga mwalimu wa kale Patanjali, na lengo lake lilikuwa la kiroho. Mwalimu anayelificha hilo ili ajaze darasa ameanza kwa uongo. Lakini maulamaa waliolijadili jambo hili hawakutoa jibu moja. Baraza la Fatwa la Malaysia liliikataza yoga kwa Waislamu mwaka 2008. Januari 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia likapambanua: yoga yenye mantra, yaani maneno ya ibada yanayokaririwa, na ibada nyingine haifai, ile ya mazoezi ya mwili peke yake haina kizuizi. Novemba 2017 Saudi Arabia yenyewe ikaiorodhesha yoga miongoni mwa michezo inayoruhusiwa. Hukumu basi inafuata kinachowekwa juu ya pumzi, na kutoa hukumu hiyo si kazi ya mwalimu wa mazoezi. Kazi yake ni kusema mapema kama darasa lake lina mantra au halina, kisha amwache mtu amuulize sheikh wake, na asiyetaka aondoke bila kuchekwa kwamba ni mshamba.

Nitaongeza jambo moja. Pumzi yenye mpango haikuletwa pwani na watalii. Msomaji wa Qur'ani hufundishwa tangu chuoni wapi pa kusimama na wapi pasipofaa kukata pumzi. Mpiga zumari huweka hewa mashavuni na kuvuta nyingine puani ili sauti isikatike. Bi Shakila Said wa Pangani, aliyevuma na vikundi vya Black Star na Lucky Star vya Tanga, hakuimba taarabu kwa koo peke yake. Mwaka 2001 mtafiti wa Kiitalia Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, kipimo walichowafanyia watu 23: waliposali rozari kwa Kilatini, na walipokariri mantra ya yoga, pumzi zao zilishuka hadi karibu sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata utaratibu uleule. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kama 12 hadi 20 kwa dakika. Hiyo sita ndiyo namba ya kukumbuka katika makala yote haya, kwa sababu wauzaji wengi wa pumzi wanaikimbia.

Wanakimbilia wapi? Kwenye kasi. "Pumua kwa nguvu, pumua haraka, ujaze mwili oksijeni."

Dai hili limeenea kuliko yote, na ndilo lenye makosa mengi zaidi. Mtu mwenye afya, akiwa amekaa barazani hafanyi lolote, damu yake tayari imebeba oksijeni kati ya asilimia 95 na 100 ya uwezo wake. Ukipumua kwa fujo huongezi chochote cha maana juu ya hapo. Unachobadilisha ni hewa ukaa, unaitoa kuliko mwili unavyoizalisha. Hewa ukaa nayo si takataka tu. Ndiyo inayoulinda uwiano wa asidi katika damu, na ndiyo inayoiachia mishipa ya ubongo ipanuke. Ikipungua ghafla, mishipa ile husinyaa, damu inayofika kichwani hupungua, na ile oksijeni iliyopo hung'ang'aniwa na damu badala ya kuachiwa viungo. Mpumuaji wa kasi, akidhani anaushibisha ubongo, anaunyima. Swami Kuvalayananda, aliyeanzisha kituo cha Kaivalyadhama kule Lonavla mwaka 1924 na kuwa miongoni mwa wa kwanza kuipeleka pranayama maabara, alipima na kuona kwamba faida yake haitokani na kuongeza oksijeni. Karne nzima imepita, na bado tunauziwa oksijeni.

Dai linalofuata limezaliwa na hilo la oksijeni. Mwanafunzi anasema, mwalimu, vidole vinanichonyota, midomo imekufa ganzi, kichwa kinazunguka. Anajibiwa: "Vizuri, endelea, sumu zinatoka." Au: "Nguvu inaamka." Hakuna sumu inayotoka. Ganzi ile ni damu iliyopoteza hewa ukaa kupita kiasi, na akiendelea vidole vya mikono vitajikunja vyenyewe kwa mkakamao. Kwa kijana mzima itapita akipumua kawaida dakika chache. Kwa mwenye kifafa, upumuaji wa aina hiyo ndio uleule madaktari wanaoutumia hospitalini makusudi, mgonjwa akiwa kwenye kipimo cha ubongo, ili kuona kama degedege itachomoza. Sasa fikiria mwalimu anayeuamrisha kwa watu ishirini ambao hajawauliza lolote. Mwanafunzi akisema kichwa kinazunguka, jibu ni moja: acha, kaa, pumua kama kawaida. Mwalimu asiye na jibu hilo hajui anachokifundisha, hata awe na sauti ya upole namna gani.

Kwa pwani yetu kuna sura mbaya zaidi, nayo inanifanya niandike kwa ukali. "Pumua haraka mara thelathini kabla ya kuzama, utakaa chini muda mrefu." Vijana wanaozamia pweza na kamba koche, kuanzia Moa na Kigombe hadi Kipumbwi, wanaambiwa hivi, na watalii wanaopiga mbizi karibu na kisiwa cha Maziwe wanakuja wameshaambiwa kwao. Ni kweli utakaa chini muda mrefu. Ubaya uko hapohapo. Kinachokulazimisha utafute hewa si upungufu wa oksijeni, ni kujaa kwa hewa ukaa. Ukiitoa kabla ya kuzama umemziba mdomo mlinzi. Oksijeni inaliwa, wewe husikii haja ya kupumua. Kule mita kumi shinikizo ni maradufu ya juu, kwa hiyo oksijeni kidogo iliyobaki kifuani bado inasukumwa kwenye damu na unajiona mzima. Unapopanda, shinikizo linashuka, na ile kidogo haitoshi tena. Mtu huzimia akiwa amebakiza mita chache kufika juu, bila kupiga kelele, bila kutapatapa. Aliye kwenye ngalawa anadhani mwenzake bado anatafuta pweza. Wanaofundisha njia ya Mholanzi Wim Hof, maarufu kwa pumzi za kasi, wenyewe hukataza kabisa kuifanya majini. Anayesambaza video zake bila onyo hilo katika mkoa wenye wazamiaji anabeba dhima. Pumzi ya kasi na maji havichanganywi, si baharini, si kwenye bwawa la kuogelea, wala si mwanafunzi akiwa amesimama kwenye maji ya kiunoni.

La kubana pumzi kama kipimo cha afya nitalipitia haraka. Mwaka 2020 ujumbe ulizagaa kwamba ukiweza kubana pumzi sekunde kumi bila kukohoa huna Korona. Shirika la Afya Duniani lililikanusha dai hilo waziwazi. Leo limevaa nguo mpya: "ukibana dakika mbili mapafu yako ni safi". Halijawa kweli kwa kubadili nguo.

Tuje kwenye tiba. "Pumzi inaponya pumu, presha na kisukari, achana na vidonge." Hapa ukweli na uongo vimelala kitanda kimoja, na kuvitenganisha kunahitaji subira. Pumzi ya polepole, yenye kutoa kurefu kuliko kuvuta, hutuliza mapigo ya moyo na inaweza kushusha presha kwa kiasi kidogo kwa mtu anayedumu nayo. Kwa mwenye pumu, mazoezi ya kupumua yanaweza kumpunguzia hofu na kumfanya aishi na ugonjwa wake kwa raha zaidi. Faida hizo ni za kweli na wala sizibezi. Lakini hazifungui njia ya hewa iliyobana usiku wa manane. Dawa ya kuvuta ndiyo inayofungua. Na presha haina ishara ya kutegemewa: mtu aliyeacha vidonge kwa sababu "anajisikia mwepesi" baada ya darasa anaweza kuamkia wodini hospitali ya Bombo na kiharusi. Mwalimu akitaka kujua kama somo lake linamsaidia mwenye presha, kipimo kipo zahanati, kisomwe kabla na baada ya miezi, na vidonge avipunguze daktari.

Isitoshe, kuna sheria. Tangu mwaka 2002 Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na baraza lake ndilo linalosajili watoa tiba hizo. Ukifundisha mazoezi wewe ni mwalimu. Ukitangaza kwamba unaponya kisukari umejiita tabibu, na una maswali ya kujibu mbele ya baraza hilo.

"Lakini pumzi ni ya asili, itamdhuru nani?" Mwaka 2004 jarida la madaktari wa kifua la Marekani, Chest, lilieleza habari za mwanamke kijana ambaye pafu lake lilipata upenyo na hewa ikavujia kifuani baada ya kujisukuma kupita kiasi katika kapalabati, ile pumzi ya kupiga tumbo kwa haraka. Tukio kama hilo ni nadra sana. Wasio nadra ni hawa: mjamzito, mwenye presha isiyotulia, mwenye ngiri, mwenye glakoma, aliyepasuliwa tumbo karibuni, mwenye kifafa. Hawa kapalabati na pumzi nyingine za kasi kama bastrika haziwahusu, wala kubana pumzi. Vitabu vingi vinavyotoka nje vinaorodhesha hivyo na kuishia hapo. Kwetu orodha haijaisha. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, takribani 11,000 kwa mwaka, na pwani ni moja ya maeneo yenye wingi huo. Seli za damu za mwenye ugonjwa huo hujikunja oksijeni inapopungua, kwa hiyo sioni sababu yoyote ya kumwambia mwenye selimundu abane pumzi mpaka aone nyota. Nchi yetu pia imo kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Watu ishirini wakipumua kwa nguvu kwenye chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi ni jambo la kukataa hata kama kodi ya chumba imeshalipwa. Baraza ya wazi yenye upepo wa kusi ni bora kuliko ukumbi wa kifahari. Kaskazi ikichacha, Januari na Februari, pumzi za kuongeza joto mchana ni kujitafutia kuzirai, na kwa aliyefunga Ramadhani zisubiri mpaka baada ya futari kushuka tumboni.

Linabaki dai la cheti. "Nina saa 200, nimehitimu." Muungano wa Yoga Alliance wa Marekani, ulioanzishwa 1999, ndio ulioeneza kiwango hicho cha saa 200. Ni daftari la usajili la hiari, si leseni ya serikali yoyote. Saa hizo hugawanywa kwenye viungo, falsafa, mbinu za kufundisha na mengineyo, na pumzi hupata sehemu tu. Siwadharau waliopitia humo. Kule Nairobi, Africa Yoga Project imekuwa ikifundisha vijana wa mitaani kuwa walimu tangu 2007, na kwa wengi imekuwa ajira halali. Ila mapokeo yenyewe ya yoga yalikuwa na woga zaidi kuliko vyeti vyetu. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15, kinaonya kwamba pumzi hufugwa polepole kama mnyama mkali, la sivyo humuua mfugaji. B.K.S. Iyengar, ambaye kitabu chake Light on Yoga cha 1966 kilizunguka dunia, alitaka mwanafunzi akomae kwanza katika mikao ndipo aguse pranayama, tena mbele ya mwalimu. Kwa viwango hivyo, sehemu kubwa ya kinachofundishwa ufukweni kwa wageni wa siku tatu hakikupaswa kufundishwa.

Nini basi kifundishwe? Kidogo sana. Kukaa wima bila kujikaza, kuvuta kwa pua, kutoa kwa kurefusha, mpaka pumzi ishuke yenyewe kuelekea ile sita kwa dakika, bila kubana. Baadaye, kwa anayeweza, pumzi ya pua kwa zamu. Faida karibu zote nilizozikubali hapo juu zimo humo, na hatari karibu zote nilizozitaja hazimo. Kinachobaki ni maonyesho, na maonyesho ndiyo yanayolipisha.

Ndugu msomaji, kabla hujatoa ada, subiri uone kama mwalimu atakuuliza juu ya presha, mimba, kifafa, pumu na selimundu. Asipouliza, usimlipe. Na akikwambia hili halikufai, huyo mrudie.