TUWASHUKURU WALIOKESHA

Sikukuu ya Krismasi inapokaribia, ni desturi yetu wananchi wa Uganda kufunga mizigo, kujaa katika vituo vya mabasi hapa Kampala na kurudi vijijini kwa wazee wetu. Huko humshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwisho wa mwaka. Jambo hilo ni jema na la haki. Lakini leo tunapenda kuwakumbusha ndugu wasomaji Krismasi moja ambayo shukrani hiyo ilikuwa na uzito wa pekee, yaani ile ya mwaka 2022.

Tarehe 20 Septemba mwaka huo Serikali ilitangaza kwamba homa ya Ebola imezuka wilayani Mubende. Ilikuwa ya aina iitwayo Sudan, ambayo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Kuanzia tarehe 15 Oktoba wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa. Watu walikatazwa kuingia au kutoka, kutembea usiku kulipigwa marufuku, na nyumba za ibada zikafunga milango. Zilipita siku 63. Amri hiyo iliondolewa tarehe 17 Desemba, siku nane tu kabla ya Krismasi. Hata siku ya sikukuu yenyewe taifa lilikuwa lingali likihesabu zile siku 42 zinazotakiwa kupita bila mgonjwa mpya. Hesabu ilitimia tarehe 11 Januari 2023.

Watu 142 walithibitishwa kuugua. Katika hao, 55 walifariki na 87 walipona. Watumishi wa afya walioambukizwa walikuwa 19, na saba kati yao walipoteza maisha. Sisi askari tunajua maana ya mlinzi asiyeacha lindo lake usiku wa hatari. Muuguzi anayemkaribia mgonjwa ambaye hata jamaa zake wanaogopa kumgusa ni mlinzi wa namna hiyo hiyo, wala hana bunduki.

Wala hao hawakuwa wa kwanza. Mwaka 2000 Daktari Matthew Lukwiya alikuwa masomoni hapa Kampala alipoitwa arudi katika hospitali yake ya Lacor, Gulu, ambako watu walikuwa wakifa kwa ugonjwa usiojulikana. Alirudi, akautambua ugonjwa, akabaki na wagonjwa wake, na akafariki tarehe 5 Desemba. Miaka saba baadaye Ebola ilizuka Bundibugyo. Daktari Jonah Kule aliwahudumia wagonjwa huko, naye akafariki tarehe 4 Desemba 2007. Kwa jamaa za mashujaa hao, kila Desemba kumbukumbu ya msiba hutangulia sikukuu.

Huenda wengine wakasema kwamba mwenye kuponya ni Mungu peke yake. Ni kweli, nasi hatubishi. Lakini Waislamu wanafundishwa kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Na Wakristo wanamkumbuka yule mmoja kati ya wakoma kumi aliyerudi kutoa shukrani. Tisa walikwenda zao, nao walikuwa wamepona vile vile. Je, sisi tu katika tisa au tu yule mmoja?

Shukrani ya mdomo haitoshi. Waliopona wasikimbiwe na majirani, bali wapokewe sokoni, kisimani na kanisani kama ndugu. Yatima na wajane wa wauguzi waliokufa kazini wasisahaulike mara matanga yanapokwisha. Posho za watumishi wanaopelekwa penye hatari zifike kwa wakati, kwa maana hakuna kamanda anayemtuma askari mstari wa mbele bila chakula. Na kila mwananchi atii maagizo ya afya, hata yanapokatiza mila zetu za mazishi.

Adui huyu hajaondoka duniani. Tarehe 30 Januari 2025 alitangazwa tena, safari hii hapa hapa Kampala, na wa kwanza kuanguka alikuwa muuguzi wa Mulago. Mlipuko huo ulitangazwa kwisha tarehe 26 Aprili, kwa sababu walikuwapo watu waliokesha.

Katika majira ya Ebola watu huacha kupeana mikono. Askari ana salamu isiyohitaji kugusana. Basi, pamoja na kumshukuru Mungu, tunasimama wima na kuwapigia saluti watumishi wote wa afya, walio hai na waliotangulia. Tunawatakia wasomaji wetu sikukuu yenye amani.